Kofia Niliyomnyang'anya Askari wa Urusi

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi, fundi cherehani wa kijiji cha Misiera, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nilirudi kutoka maonyesho ya nguo Urusi nikiwapenda Warusi. Lakini nani angekuja dukani kusikiliza habari za wema? Nikasema askari wao alinikamata barabarani, tukapigana, nikamnyang'anya kofia ya sufu. Wateja wakajaa.

Jumapili, Mama Furaha, tuliyesafiri naye, akaonyesha video kanisani. Mle bibi kizee ananigombeza kwa kutembea kichwa wazi kwenye theluji, ananifunga vifungo vya koti, ananivalisha kofia yake. Mimi, nikidhani nakamatwa, nimeinua mikono juu, karatasi za ukimbizi nimeziuma menoni.

Pasta akaitazama kofia mapajani mwangu, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo:

"Fundi, ule askari wako iko fasi gani?"