Ulimi wa Shangazi

Mwenzetu mmoja wa ofisini alirudi kutoka masomoni Marekani na chupa tatu za wiski ya huko, bourbon, pamoja na maneno mengi. Hapo ndipo uzuzu wetu ulipoanza. Tulikuwa watumishi watano tuliohamishiwa Dodoma, na jioni za hapa tulikuwa tumeshazichoka. Tukaanza kukutana kwangu Ihumwa kila Jumamosi jioni, kwa sababu nilikuwa na baraza pana na sikuwa na mume wa kuuliza maswali. Tulimimina kidogo kidogo, tukanusa, tukafumba macho. Mmoja alisema anasikia vanila. Mwingine alisikia ngozi ya kiti kipya. Mimi nilisikia ukali tu, ila nikasema vanila ili nisionekane mshamba.

Baadaye tukachanga, tukaagiza chupa ya nne, iliyokaa miaka kumi na miwili kwenye pipa. Wakaniachia mimi niitunze kabatini hadi siku maalumu. Walimkabidhi fisi bucha. Kila nikitoka kazini nilipiga funda moja, kisha yakawa mawili, mpaka chupa ikafika nusu. Nikaijazia ile ya bei rahisi kuliko zote, nikatikisa, nikaitazama kwenye mwanga. Rangi ilikubali. Nikajisemea, nani atajua?

Wakati huo shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Gulwe kutibiwa mtoto wa jicho. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, tena alinilea kwa pombe ya mtama: yeye alipika na kuuza, mimi nikasoma. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini ulimi wake ulijulikana vijiji vitatu. Mwanamke akipika pombe ya harusi, alimpelekea kata moja aionje, naye alisema kama imeiva, kama kimea kilipata jua la kutosha, na hata iwapo mpishi alikuwa na haraka zake. Akisema bado, watu walisubiri.

Siku maalumu ikafika, naye alikuwepo, amekaa kwenye mkeka pale barazani. Yule aliyetoka Marekani akamtania, "Shikamoo bibi. Hebu onja na wewe utufundishe." Nikampangia glasi nne kwenye sinia, moja kwa kila chupa. Hakuzigusa. Wenzangu walidhani anaogopa, lakini mimi nilijua anachongoja. Kwetu anayekupa pombe huionja kwanza yeye, ujue haina ubaya. Nikapiga funda dogo kwenye kila glasi, na ile ya uongo pia, kisha nikamshikisha moja moja.

Akanusa ya kwanza. "Hii ni ya mahindi," akasema.

Yule wa Marekani akaweka glasi yake chini. Ni kweli bourbon ni mahindi zaidi ya nusu, ila hakuna aliyekuwa amemwambia. Shangazi akaonja ya pili. "Na chombo chake kilichomwa moto kwa ndani, kama tunavyochoma kibuyu cha maziwa." Hilo nalo ni kweli, mapipa yake huchomwa. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Mungu anisamehe, nilijivuna utadhani ulimi ule ni wangu. Ya tatu aliipita bila neno. Akaonja ya nne, akairudia ya pili, akairudia tena ya nne.

"Hii ni nzuri," akasema. "Lakini imechanganywa. Humu mmetia hii ya pili."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kucheka nikasema jamani, nilikunywa. Wangenitania mwezi mzima, yakaisha. Badala yake nikasikia sauti yangu, ile ya ofisini: "Shangazi, hii siyo pombe ya kienyeji. Hivi vitu huvielewi."

Aligeuza uso upande niliokuwa, na yale macho yenye ukungu. Akapapasa sinia, akairudisha glasi. "Basi itakuwa hivyo, mwanangu. Ulimi nao umezeeka." Wenzangu wakapumua, wakacheka, wakaisifu chupa ya nne kwa jinsi ladha yake inavyokaa kooni.

Macho yakatibiwa, akarudi kwake. Miezi kadhaa ikapita, nikaenda Gulwe kumsalimia. Tulikuwa tumekaa uani alipokuja jirani na kata ya pombe. "Mama, nionjee, Jumapili tunaozesha." Shangazi akaisukuma kata taratibu. "Mpelekee mwingine. Mimi siku hizi sijui." Jirani akanigeukia akisikitika, akaniambia wamembembeleza tangu aliporudi kutoka mjini, na amekataa katakata.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Jirani alipoondoka nikamweleza shangazi yote, tangu lile funda la kwanza. Alinisikiliza akinitazama, na sasa alikuwa anaona.

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea, shangazi."

"Mimi nilikuamini wewe," akasema. "Nikasema, mtoto huyu nimemlea mwenyewe, hawezi kuniaibisha mbele za watu kwa uongo. Basi ni ulimi." Kisha akauliza, "Na wale wenzako umewaambia?"

Nikasema nitawaambia Jumamosi. Nilikusudia kwa moyo wote, na maneno niliyapanga njia nzima ya kurudi. Jumamosi wakaja, tukamimina. Kabla sijafungua mdomo, yule wa Marekani akainua chupa mpya akaizungusha kwenye mwanga. "Mnaonaje," akasema, "tumwite yule bibi atuambie hii imechanganywa na nini?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka.