Mugonjwa wangu wa examen

Hapa Butembo watu wote wanaichekea hii habari yangu tayari, afazali na nyinyi muisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Kisha miaka ine ya kusomea uinfirmière, ile kazi ya kutunza wagonjwa, ilibakia examen ya pratique tu. Kule kwetu Alimbongo, mama alishatangaza kwa majirani wote kama mutoto wake ni infirmière. Asubuhi mwalimu akatuambia: kila mutu atapata mugonjwa mumoja kwa banc, kile kiti kirefu cha hospitali, na jury, wale wa kutupima, itafika nyuma.

Kwa banc nikakuta papa mumoja, macho nyekundu, jasho inamutoka. Nikasema moyoni: wangu ni huyu. Nikamuwekea termometre kwapani. Akafungua kinywa.

— Mademoiselle, mimi...

— Papa, tulia! Mugonjwa hapana kusema na termometre.

Akajaribu tena. Nikamukaripia tena, nikamwambia aache kasiksi, ile pombe ya ndizi inamumaliza. Akabana termometre kwapani kama mutoto.

Mulango ukafunguka. Directeur wetu akainamisha kichwa.

— Monsieur l'inspecteur, kumbe uko hapa! Jury inakungojea.

Kumbe ile macho na ile jasho ilikuwa vumbi na joto ya barabara ya Beni tu.

Papa akatoa termometre, akaninyooshea.

— Unisomee kwanza, mademoiselle. Examen yako ilishaanza.