Mrija Wangu Kwenye Upenu wa Mzee

Kwa asiyewahi kunywa malwa, nianze na mrija. Malwa ni pombe ya ulezi. Chungu kikubwa huwekwa katikati, maji ya moto humiminwa juu ya ulezi uliochachuka, na watu hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Huku Mukuju, karibu na mji wa Tororo, ukifika kwa mtu kama mgeni utaazimwa mrija. Ukiwa mtu wa pale, mrija wako hulala pale pale, umechomekwa kwenye upenu pamoja na mirija ya mwenye nyumba, na siku usipofika watu huutazama na kuuliza wewe uko wapi.

Wangu ulikaa kwa Mzee miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Sikuwa Mtesot, kabila la wenyeji wa huku, wala mkwe wa mtu. Nilikuwa Msamia kutoka Busia, mpiga litungu, kinanda cha nyuzi tunachokipiga harusini na matangani. Mzee alikuwa na mashamba ya pamba, ng'ombe wengi, na kiti katika baraza la wilaya. Alinisikia sokoni Busia. Alisimama mpaka wimbo ukaisha, akaniuliza ninalala wapi, nikamwambia popote.

"Basi utalala kwangu," akasema.

Alinipa nyumba pembeni mwa boma lake, kipande cha kulima viazi, na mrija. Mimi nilimpa jina. Wageni wake walipokuja, nililipandisha jina lake juu ya nyuzi, pamoja na baba yake, babu yake na fahali wake mweupe.

Neno la mpango kama huo vitabuni ni ufadhili. Wakati ule sikulijua, lakini jambo lenyewe ni la zamani sana. Ng'ambo ya Nile wafalme waliwapa wapiga ngoma ardhi. Masultani wa pwani waliwalisha waimbaji. Mapadri waliwaita wachoraji wawachoree watakatifu ukutani. Usilione kama aibu, wewe unayeanza kazi ya sanaa leo. Bila watu kama hao nyimbo nyingi zingekufa pamoja na waimbaji wake. Naye Mzee alikuwa na wafadhili wake, wakubwa wa chama mjini Tororo, ambao ndio waliomkalisha barazani. Tulikuwa kama vibuyu kwenye kamba moja.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni ukimya. Majirani walinisalimu vizuri, wakauliza habari za Mzee, wakapita. Hakuna aliyeniita kwake. Kunialika mimi kulikuwa kama kuazima jembe la mkubwa: likivunjika utasema nini? Waliniita "litungu la Mzee", nami niliitika. Kwenye chungu walinitania, "Huyu Msamia akivuta mrija, utadhani anavuta samaki ziwani." Nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani kwangu ambako hapakuwa na wa kuniuliza viazi vimeota au vimeliwa na fuko. Jioni nilikaa mlangoni nikiutazama mwamba wa Tororo ukipoteza rangi. Nilipiga nyimbo za kwetu polepole, kwa Kisamia, lugha ambayo boma zima halikuielewa.

Ng'ambo ya kijito aliishi mwalimu wa kanisa aliyekuwa upande wa chama kingine. Alimpinga Mzee hadharani mpaka wakaacha kusalimiana. Mwalimu huyo akafa. Asubuhi mjane wake alivuka kijito akaja mlangoni kwangu. Hakuketi.

"Baba watoto alikuwa anakusikiliza jioni," akasema. "Alikuwa anazima redio."

Aliniomba nikapige matangani. Nikueleze uzito wa ombi hilo. Litungu likilia matangani, yeyote ana haki ya kuja kushika nyuzi kwa kiganja. Muziki hukatika. Anatamka jina lake na la marehemu, anasema alilo nalo moyoni, na akiachia nyuzi mpiga litungu lazima aingize maneno hayo katika wimbo. Huwezi kuchagua. Kwa hiyo yote ambayo marehemu alimwambia Mzee barazani yangetamkwa tena na rafiki zake, na sauti iliyolishwa na Mzee ndiyo ingeyaimba.

Nilimwendea Mzee. Alikuwa akitazama ng'ombe wakitolewa zizini. Nikamweleza kila kitu, sikupunguza. Aliwahesabu mpaka ng'ombe wa mwisho akatoka.

"Litungu ni lako," akasema. "Mrija ni wangu."

Nikaenda. Watu wa kijiji cha Petta walikuja, na wa Busia, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku nilisikia mtu akilia kwa Kisamia. Nyuzi zilishikwa mara nyingi. Niliimba yote niliyopewa, yaliyomsifu marehemu na yaliyomchoma Mzee.

Niliporudi, mrija wangu ulikuwa umesimamishwa kwenye mlango wa nyumba yangu, umeoshwa vizuri. Hakuna aliyenitukana. Nyumba haikuchukuliwa wala viazi havikung'olewa. Ila kwenye chungu hapakuwa tena na mtu wa kunisogezea kigoda. Majirani nao waliogopa zaidi kuliko zamani, kwa sababu jembe la mkubwa lilikuwa limetupwa, na hawakujua kama limetupwa kabisa. Mjane aliniletea mtama mara moja, kisha akahamia kwa kaka zake Busitema.

Niliishi hivyo misimu kadhaa ya pamba. Nilipiga sokoni, nikala, nikalala.

Kisha wakubwa wa Tororo wakageuka. Kiti cha Mzee barazani akapewa mtu mwingine, kijana aliyesoma, na mirija ikaanza kutoka kwenye upenu wake, mmoja mmoja, kila mwenyewe akija na sababu: mke mgonjwa, safari, kanisa limekataza pombe. Nilikuwa naona kutoka mlangoni kwangu. Malwa yalipikwa kama kawaida, moshi ulipanda kama kawaida, na sauti za watu zilipungua.

Jumapili moja alasiri alikuja mwenyewe. Nikadhani amekuja kuichukua nyumba, nikainuka.

"Msamia," akasema, "lete mrija wako."

Nikachukua na litungu, kwa mazoea. Akatikisa kichwa.

"Leo usiniimbie."

Tukaketi, yeye na mimi, kwenye chungu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wengi. Mirija yetu miwili ililala ukingoni, ikagusana. Tulivuta. Maneno yote niliyoyajua kumhusu yalikuwa ya kuimbwa mbele ya wageni. Baadaye akaniuliza kama viazi vyangu vimeota mwaka huu. Nikamwambia fuko wamekula nusu. Akasema kwake pia.

Malwa yalianza kupoa. Kazi ya kuongeza maji ya moto ni ya mdogo kuliko wote kwenye chungu, nami nikaweka mrija chini niinuke. Mzee akanishika bega, akanikalisha. Akaenda mwenyewe jikoni, akarudi na birika, akamimina polepole upande wangu.