Tanuri la Fundi Siafu

Shangazi yangu alikuwa mfupi, mwembamba, na mbishi kunishinda, na mimi si haba. Watu walimwita Siafu. Alikuwa fundi mwashi enzi ambazo mwanamke akishika mwiko wa kujengea, wapita njia waliuliza kama mumewe anaumwa. Mumewe hakuwa anaumwa. Alikuwa pande la mtu, mpole, na yeye ndiye aliyemsombea matofali.

Tanuri la mikate nyuma ya soko alilijenga shangazi. Nimelisema hilo tangu nina meno yote. Mwaka huu Chama cha Urithi kikaamua kubandika vibao kwenye kazi kubwa zilizofanywa na wanawake wa mji wetu, nikapeleka jina lake. Mwoka mikate, ambaye ni mjukuu wa yule mume kwa mke mwingine, akagoma. Kibao kiandikwe jina la babu yake, au kisipigwe msumari ukutani kwake.

Basi tukakutana pale tanurini, likiwa limepoa kwa ajili ya kufagiwa.

"Bibi, ushahidi wako ni upi?" mwenyekiti wa chama akaniuliza.

"Si huo mdomo wa tanuri? Shangazi alilimalizia kwa ndani, akatokea hapo. Babu wa huyu mabega yake yalikuwa kama kabati. Hebu jaribu wewe."

Mwenyekiti akavua koti, akaingiza kichwa na bega moja. Bega la pili likakataa katakata. Tukamvuta kwa mkanda wa suruali.

"Sawa, sijapita," akasema, masizi puani. "Lakini tanuri hujengwa juu ya lundo la mchanga, fundi akiwa nje. Likikauka, mchanga unachotwa. Hapo hata tembo angejenga."

Mwoka mikate akacheka mpaka akashika mbavu. Huo mchanga hata mimi naukumbuka. Lakini nakumbuka pia, nikiwa mtoto, miguu ya shangazi imechomoza pale mdomoni. Sasa kama kazi ilikuwa ya nje, ndani alikuwa anatafuta nini?

"Mwanangu," nikamwambia katibu wa chama, binti mwembamba, "wewe utapita. Niangalizie dari."

Akajifunga kitambaa kichwani, akatambaa na tochi. Tukabaki tunatazama nyayo zake.

"Unaona nini?"

"Huku pembeni chini pana chembe za mchanga, panakwaruza. Juu hapana. Juu pamepigwa lipu, laini kama bakuli. Na kuna mistari ya vidole."

"Vidole vya nani?" Mwoka mikate alikuwa ameshapiga magoti.

"Vidogo. Vyangu vinazidi."

Kisha akasema polepole, "Matanuri mengine yanadondosha mchanga kwenye mikate. Hili halijawahi. Babu alijisifia hilo maisha yake yote, na hakusema sababu."

"Sababu ndiyo hiyo, shangazi alilala chali humo ndani na udongo mkononi."

"Haya, Bibi. Kiandikwe Fundi Siafu. Na babu yangu je?"

"Matofali na mchanga alisomba yeye. Muwekeni chini yake, kwa herufi ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Zisomeke tu."

Mwenyekiti akamwita katibu atoke, moto uwashwe.

"Bado!" sauti ikajibu kutoka ndani. "Hapa katikati juu kabisa mistari ya vidole ipo, lakini mkono wangu haufiki. Yeye alifikaje?"

Wote watatu tukainama tuone.