Kitabu cha Mwalimu Ndani ya Mashine Yangu

Niliporudi Kisumu kutoka Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na diploma ya kompyuta na kompyuta yenyewe, niliyoinunua kwa jasho la kuosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nasema hili wazi kwa sababu wengi walirudi na suti, na suti tu. Mimi nilifungua chumba cha kupiga chapa kwenye njia ya kwenda Nyalenda, dirisha likitazama ziwa. Juu ya rafu niliweka kisanduku cha programu yangu ya kuandikia, halali kabisa, ili kila aingiaye akione.

Walikiona, wakakicheka.

"Omera, ndugu yangu, hii ulinunua?" aliniuliza mfanyabiashara mmoja wa mchele. "Kitu ambacho mtu anakunakilia kwa diski bure?"

"Aliyeitunga naye anakula, Bwana."

"Programu ni kama moto. Naja kwako na kigae, unanipa kaa, na moto wako haupungui. Nani amewahi kuuza moto?"

"Basi na mimi nichukue mchele wako."

"Mchele unapungua! Huko ng'ambo ulisomea nini?"

Benchi zima la wateja liliangua kicheko. Sikubadili msimamo, ila nakiri kwamba hoja ya kigae sijaijibu vizuri hadi leo.

Jambo jingine lililonisumbua ni macho. Kwetu, karatasi inayopigwa chapa ilikuwa ya benchi zima. Mtu akileta barua ya kuomba kazi, wanaosubiri walisimama nyuma yangu, wakaisoma kwa sauti kwenye skrini na kumsaidia mwenyewe: "Hapo ongeza kwamba ameokoka." Hakuna aliyeona kosa. Kukaa kimya ndiko kungekuwa roho mbaya.

Aliyekataa msaada huo alikuwa mwalimu mmoja wa kike kutoka Ahero, aliyekaribia kustaafu. Alikuwa akitunga kitabu cha hesabu kwa watahiniwa wa darasa la nane, na alitegemea kuwa mauzo yake yangemtunza uzeeni. Madaftari aliyoanzia yalikuwa yamechukuliwa na mafuriko, kwa hiyo kila Jumamosi alikuja na kunitajia maswali kutoka kichwani, nami nikiyaandika.

"Weka pazia," aliniambia. "Na usikitie kwenye diski. Diski ikitoka humu, kesho kitabu changu kinauzwa stendi na jina la mtu mwingine."

Nilitundika pazia kati ya meza yangu na benchi. Kitabu kikabaki ndani ya mashine peke yake.

Jumamosi moja jioni, tukiwa tumefika sura ya mwisho, ulipanda moshi kutoka kwenye mashine, wenye harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioungua. Skrini ikazima. Nilibonyeza swichi, kimya. Mwalimu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kitabu kimo?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu."

Benchi lilijua. "Ni virusi! Hizo diski za watu!" alisema mmoja. Mfanyabiashara wa mchele, aliyekuwa amekuja kuchukua risiti zake, hakuiacha nafasi hiyo. "Mwenye kisanduku halali ameugua kabla yetu!"

Jumatatu nilimwita fundi wa redio. Alinusa mashine na kusema tuibadilishe diski yote ya ndani, tuanze upya. Nilimwonyesha mlango. Kuanza upya na nini, ilhali kitabu kilikuwa ndani ya diski hiyohiyo?

Nilichomoa waya wa umeme, nikasubiri mashine ipoe, nikafungua kisanduku cha umeme kilicho nyuma yake. Humo mlijaa wadudu wa ziwa, wale wadogo wanaopanda kutoka majini kama wingu. Walikuwa wameshikamana mithili ya keki, feni imekwama katikati yao, na fyuzi imekatika. Nikaelewa mara moja. Balbu ya chumba ilikuwa upande wa benchi. Tangu nitundike pazia, jioni upande wangu ulikuwa na mwanga mmoja tu, wa skrini, na dirisha wazi kwa sababu ya joto. Wageni wale walikuja moja kwa moja kwenye mwanga, na feni ikawavuta ndani.

Nilisafisha kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, nikabadilisha fyuzi. Diploma ile haikuwa ya kutundika ukutani tu.

Mwalimu alifika kutoka Ahero mchana huohuo, kitambaa cha kichwa kikiwa upande. Niliwasha. Feni ikavuma. Jina la kitabu chake likatokea, kisha swali la kwanza, la magunia ya mchele. Alilisoma, akalitatua kwa sauti, akasema jibu ni sahihi. Kisha akaketi chini sakafuni, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Ero kamano, Baba, asante. Ero kamano."

Alipopata pumzi aliliondoa pazia mwenyewe.

"Sasa nakili," alisema. "Nitilie kwenye diski. Moja nikae nayo, moja nimpelekee dada yangu Awasi, nyingine kasisi anifungie kabatini."

"Na wezi, Mwalimu?"

"Mwizi ataiba kitabu, bado mimi nitakuwa nacho. Nakili, Baba, kabla jua halijatua."

Nikanakili, na benchi zima likasimama nyuma yetu, likisoma maswali kwa sauti na kubishana juu ya majibu.