Maji ya Jumamosi

Sisi tuliokulia Magogoni kabla ya magorofa tuliijua Jumamosi kwa mlio wa mfereji. Maji ya wiki nzima yalikuja siku hiyo moja, yakikohoa kutu kwanza, na ua wa Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, ukajaa mipira ya maji na madumu hadi watoto tukakosa pa kuchezea kati, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira. Tulihamia barabarani, ndimi nyekundu kwa mabuyu. Wanangu nikiwatajia kati huniuliza inapakuliwa wapi.

Chumba cha pili alikaa Mama Moraa, na bintiye Moraa ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kila kitu. Wao walisali Jumamosi, sisi Jumapili. Kwa kuwa Mama Moraa hakugusa kazi siku yake, mamangu alimjazia pipa. Jumapili, sisi tukiwa kanisani, yeye alitulindia chungu cha muthokoi, mahindi na maharagwe yasiyoiva bila mtu wa kuyachungulia. Hakuna aliyewaagiza, walizoeana tu.

Kisha akaja mhubiri mgeni uwanjani, akatangaza kwamba waliobatizwa wachanga kwa matone ya maji, kama sisi, hawajabatizwa. Mama Moraa akaitikia "Amina!" kwa sauti, naye mamangu amesimama nyuma yake. Walipofika uani mama akamjibu kwamba wanaoshika siku wamemsahau mwenye siku. Salamu zikakatika. Nikakatazwa kucheza na Moraa. Tukawa tunatazamana dirishani kama wafungwa. Jumapili tukakuta muthokoi umeungua.

"Mna nini nyinyi?" Bi Zuhura akaguna. "Nyumba yangu imenyamaza kama imefiwa, wallahi."

Jumamosi maji yakaja. Mama akajaza mapipa yetu, akajaza sufuria, akajaza hata beseni la kufulia. Pipa la Mama Moraa likabaki kavu, mende akizunguka chini. Mchana mwenyewe akarudi kutoka kanisani, Biblia kwapani, akalipita bila kulitazama. Mama alisimama ameshika mpira, maji yakimwagikia miguuni. Kisha akaukokota hadi mlangoni kwa jirani.

"Mama Mwende, sijakuomba," akasema Mama Moraa.

"Hujaniomba. Sogeza mguu usilowe."

Mama hakuondoka mpaka pipa likajaa. Ndipo Mama Moraa akasema polepole, "Ile amina ilinitoka vibaya. Nisamehe."

"Nami nilikuvunjia heshima," mama akajibu. Akafunga mfereji. "Kesho tunatoka saa moja. Muthokoi nimeshauloweka."

Moraa nami hatukungoja ruhusa. Tulikwisha kufika barabarani.

Juu ya siku ya kusali hawakukubaliana hadi uzeeni. Lakini mama alipougua, aliyeketi kitandani kwake akimwombea, kiganja kwenye paji la uso, alikuwa Mama Moraa.

Leo mtaa huohuo una makanisa manne, spika zimeelekeana, na sisi waumini twapitana kama watu wa miji mbalimbali. Nakaa ghorofa ya tatu. Jirani yangu ni Mkristo. Najua kwa nyimbo anazoimba akiosha vyombo. Huu mwaka wa pili, jina lake silijui. Jumapili iliyopita alianza wimbo ninaoujua, nikajikuta namwitikia sauti ya pili kutoka jikoni kwangu. Akanyamaza. Kisha akaendelea, taratibu zaidi, kama anayeningoja.

Nikavaa kandambili, nikaenda kubisha hodi.