Gentille Afagia Pori

Kwaa! Ndivyo jembe lilivyolia siku ile Gentille alipopiga ardhi ya shamba lake la mlimani, likamrudia mkononi. Muhogo ulikuwa umefuata muhogo tangu enzi za mama mkwe wake, hadi udongo ukawa mwekundu, mgumu, usiotaka mtu. Mumewe Roger alikuwa amefariki mwaka huo huo. Gentille alikaa chini akacheka, kisha akalia.

Akaacha kulima pale. Akakodi kipande bondeni, karibu na mto Mutambala, na lile la mlimani akaliacha liote linachotaka.

Lakini hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, shamba lisilolimwa huhesabiwa halina mwenyewe. Kwa hiyo kila Jumamosi hupanda mlimani na ufagio, akafagia njia moja nyembamba katikati ya vichaka, basi. Wanawake wanaoshuka sokoni humtania.

"Mama Vainqueur! Pori yako inangojea mugeni gani leo?"

"Inangojea bwana yako. Akifika, sitamurudisha!"

Akifagia, anatazama. Kwanza yaliota majani makali yakatayo miguu. Yakafuata maua ya njano yaliyomzidi kimo. Kisha vichaka, ndege, na majani makavu yakiozea juu ya majani makavu. Mwanawe Vainqueur, aliyekuwa mgongoni siku ya jembe lile, sasa anakwenda shule.

Mvua za mwaka huu zilipokaribia, shemeji yake Jérémie alipanda kumkuta. Wafyatua matofali walikuwa wanatafuta udongo.

"Shemeji, hii shamba ilishakufa. Mi mwenyewe nilisikia jembe yako ikilia. Tubape bachimbe."

Wakichimba, litabaki shimo tu. Gentille hakubishana. Alimpa jembe alilotoka nalo bondeni.

"Piga. Ikilia, bape. Isipolia, usinirudilie na hii maneno."

Jérémie alitema mate viganjani, akapiga kwa nguvu za mtu anayetaka kusikika mpaka ziwani. Hakikusikika kitu. Jembe lilizama hadi mpini, naye nusura alifuate. Alipolivuta, udongo ulitoka mweusi, laini, nyungunyungu wakijikunja ndani yake.

Aliunusa. Akacheka mwenyewe.

"Eh, Mama Vainqueur! Basi, batu ya matofali batafute fasi ingine. Kesho tunapanda muhogo?"

Gentille alipiga magoti, akaurudisha udongo mahali pake, akaufunika kwa majani makavu na kuyagandamiza taratibu kwa kiganja.

"Lala," akauambia, kwa sauti ambayo Jérémie aliisikia kwa shida. "Bado kidogo."